Hongo ya Mtani

Msemaji wa familia aliposhika kipaza sauti na kuuliza kama watani wa marehemu wapo, nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, chini ya turubai, na chai niliyopewa ilikuwa imepoa mkononi bila kuguswa. Nilikuwa nimefika Tabora kwa treni kutoka Kaliua, kuja kumzika Yona, Mgogo aliyekuwa mtani wangu na mshirika wangu wa kazi kwa mwaka mmoja wa ujana wetu. Nilikuja kwa adabu, na kitenge changu kizuri, nikiwa nimejiambia njia nzima kwamba nitalia kidogo, nitatupia udongo wangu, nitarudi. Kisha wakasoma wasifu. Walisoma alikozaliwa, alikosoma, kanisa lake na ndoa yake, nami nikasikiliza kwa utulivu. Ndipo wakafika kwenye kazi. Marehemu, walisema, ndiye fundi aliyewafundisha watu wa Tabora namna ya kuichagulia kompyuta kuukuu kadi ya picha inayoifaa. Msomaji, kijana mwenye suti, akainua macho kwenye karatasi akatabasamu: "Nani hapa hakuwahi kuulizwa na Yona yale maswali yake?" Turubai zima likaitikia kwa pamoja: "Inaingia? Inabebeka? Inakubali?" Watu wakacheka huku wakifuta machozi. Mimi nilishindwa kucheka na nilishindwa kulia, kwa sababu maswali yale niliyatunga mimi, na nilimfundisha yeye.

Lazima nieleze kwanza utani wetu, maana vijana wa leo wanadhani utani ni kurushiana vichekesho kwenye simu. Sisi Wanyamwezi ni watani wa Wagogo tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba pembe na nguo za watu, kwenda na kurudi pwani, na njia ilipita Ugogo, kwenye ukame, ambako wenye visima walikaa kivulini wakisubiri. Msafara haukupita wala kunywa kabla ya kutoa hongo. Siku hizi hongo ni ile ya kupenyezwa chini ya meza, lakini wakati huo ilikuwa ushuru wa njia, na watu wakagombana juu yake, wakazoeana, wakaoana, mwisho wakaanza kucheka. Kilichobaki ni hiki: Mgogo akichukua kitu cha Mnyamwezi, au Mnyamwezi cha Mgogo, mwenye kitu hakasiriki. Akikasirika, aibu ni yake. Nimeona utani huo ukiwasuluhisha watu waliokuwa tayari kushikiana mapanga, na sitausema vibaya mbele ya wageni. Lakini mwaka ule ulinichuna ngozi.

Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la Bi Zuwena, katika zile nyumba za zamani za mjini ambazo kuta zake ni nene na ndani kuna ubaridi hata jua likiwa kali. Bi Zuwena alikuwa wa ukoo wa Waarabu waliofika Tabora na biashara kabla ya reli, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, aliyekuwa akifukiza udi kila asubuhi kwa ajili ya duka lake, nasi tukaupata bure. Kati ya duka na chumba chetu palikuwa na ukuta wa mbao tu. Tulisikia kila bei aliyotaja, naye alisikia kila neno letu. Mchana alitupitishia sahani ya wali mlangoni, bila kuuliza kama tuna njaa, na siku alizofunga saumu alifanya hivyo hivyo. Mimi nilileta matobolwa kutoka nyumbani, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tukavitafuna na chai ya rangi. Yona alikuwa akiniibia. Niliweka kipande kando, nikageuka kidogo, nikirudi kimeliwa, naye ameinua kiganja juu kama askari wa barabarani: "Hongo, Mnyamwezi! Unapita Ugogo." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nitasema wazi kwamba nilimpenda Yona, si kwa namna ya mke na mume, bali kwa namna unavyompenda mtu ambaye ukimkuta asubuhi siku inakuwa nyepesi.

Kamera ilikuwa yake, kompyuta ilikuwa yangu. Juu ya mlango tuliandika Watani Video. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kwaya ilitaka video yake na kila harusi ilitaka diski yake, na mji mzima ulikuwa na watu wachache wanaojua kukata picha na kuziunga. Mimi nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta, na chuo kilipouza mashine zake za zamani nilijinunulia moja, ile nyembamba inayolala chini ya kioo. Yona alipiga picha, mimi nilihariri. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, na Yona alikijua tangu siku ya kwanza, maana nilimwambia: nilitaka mwisho wa video, pale majina yanapopanda, jina langu lisomeke. Mhariri: Nyamizi. Nilitaka mtu wa Usinge au Igalula aone video kwa jirani, aulize huyo Nyamizi anapatikana wapi, aje. Wanawake mafundi hawakuwapo. Jina lingenifungulia mlango ambao cheti hakikuufungua, na wala sikuwa na kitu kingine cha kuufungulia.

Kwaya ya kanisa la Moravian kutoka upande wa Igalula ndiyo ilikuwa kazi yetu kubwa ya kwanza. Walikuwa wamelima shamba la pamoja la karanga kwa ajili ya video hiyo, wameshona sare mpya, na mwalimu wao, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, alikubali kwa mdomo wake kwamba jina langu litaandikwa. Yona alikuwa ameazima kamera mpya yenye picha safi kuliko zote tulizowahi kuona. Picha zilikuwa safi mno hata kompyuta yangu ikashindwa kuzicheza. Mwimbaji anafungua mdomo, picha inasimama, sauti inaendelea, kisha mdomo unafunga ghafla baada ya ubeti kwisha. Yona aliiga ile midomo, akitembea chumbani hatua moja moja na kuganda, na Bi Zuwena upande wa pili wa mbao akauliza kuna nini. Nilimweleza Yona kwamba mashine inahitaji kadi ya picha, kile kibao cha ziada ambacho mafundi wanakiita grafiksi, kitakachobeba kazi ya picha peke yake ili kompyuta ipumzike.

Hapo ndipo palipo na kosa ambalo sijaliona likifanywa kwingine, na limetokana na neno. Kwetu kadi ilikuwa kadi: ya simu, ya kamera, ya kuhifadhia nyimbo. Na kadi za namna hiyo zinapimwa kwa gigi. Kubwa ni bora kuliko ndogo, na zote zinaingia. Mtu akisikia kadi ya picha alidhani ni ile ile, ila kubwa zaidi, na swali lake la kwanza likawa gigi ngapi. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipokaa kwenye intaneti ya mjini siku nyingi, nikisoma Kiingereza chake kigumu, nikirudi chumbani kufungua boksi na kutazama. Nililaza mashine mezani, nikatoa mfuniko, Yona akashika tochi. Nilimwonyesha tundu refu kwenye ubao mkuu. "Swali la kwanza," nikasema, "inaingia? Lazima iwe na meno ya tundu hili, si lile la zamani. Na hili boksi letu ni fupi, kwa hiyo kadi iwe ya nusu kimo, vinginevyo mfuniko haufungi." Nikamwonyesha lile sanduku la umeme nyuma, lenye feni, ambalo mafundi huliita pawa saplai, na karatasi ndogo iliyobandikwa ubavuni ikieleza nguvu yake. "Swali la pili, inabebeka? Hili ni sanduku dogo. Kadi kubwa inakula umeme mwingi, nyingine ina mdomo wake wa pembeni unaotaka waya wake peke yake, na hapa waya huo haupo. Tukilitwisha mzigo usiobebeka litaungua, na litaondoka na vingine." "Na la tatu?" akauliza, akicheka, maana alipenda nilivyokuwa nikizungumza kama mwalimu. "Inakubali? Ikishaingia na ikabebeka, bado Windows yetu iitambue, na programu ya kuhariri iitumie. Kadi inaweza kuingia isikubali."

"Inaingia, inabebeka, inakubali," akarudia. Aliyapenda yale maneno. Aliyaimba siku nzima kwa mahadhi ya Kigogo, akipiga meza.

Nilichagua kadi. Ilikuwa ndogo, ya nusu kimo, gigi yake moja, isiyotaka waya wa pembeni, na nilijua jina lake na namba yake kwa moyo kama aya. Yona alikuwa anakwenda Dar kwa shughuli za ndugu zake, akasema ataipata Kariakoo. Nilimwandikia jina kwenye kipande cha boksi la sabuni, akakitia mfuko wa shati. Picha zote za kwaya zilikuwa tayari kwenye diski ya kompyuta. Kadi za kamera alikuwa ameshazifuta, kwa sababu alizihitaji kwa harusi ya njiani. Nilikuwa nimemwambia anunue nyingine za akiba kabla ya kufuta, akasema Wanyamwezi ni watu wa kubeba, wanataka kila kitu wakibebe mara mbili.

Alirudi na treni, mwenye furaha, na kasha kubwa chini ya kwapa. Nililiona kasha nikajua. Akaniwekea mezani kadi nene yenye feni mbili, nzito, nyekundu, nzuri kweli kweli kwa kuitazama. "Muuzaji ameniambia kwa hela ile ile naweza kupata yenye gigi mara mbili," akasema. "Wewe ulichagua ka-kadi ka kitoto. Mtani wako amekuletea mbuzi mzima." Nilimuuliza maswali yetu, moja moja, na kwa mawili ya kwanza jibu likawa hapana. Haikuingia, ilipita kimo cha boksi. Haikubebeka, mdomo wa pembeni ulikuwapo na ulikuwa unatazama waya usiokuwapo. Nilimwomba airudishe. Nilimwomba vizuri, hata nikasema tafadhali, neno ambalo hatukuwa tukitumia.

Unajua alifanya nini? Alibeba boksi la kompyuta yangu mpaka kwa fundi wa kuchomelea mageti, wakakata ubavu wake kwa msumeno wa chuma. Alirudi nalo lina tundu kubwa, kingo zikiwa bado na vumbi la chuma, akaipachika ile kadi ikachomoza nje, akaunga waya za umeme kwa kuzisokota na utepe wa gundi, akapiga kelele: "Imeingia!" Bi Zuwena akapiga kigelegele upande wa pili bila kujua anashangilia nini. Nilisimama kati yake na swichi.

"Yona, imeingia lakini haibebeki."

"Ninyi mlibeba pembe za tembo mpaka pwani, mtashindwa kadi?"

"Sitanii. Picha za kwaya zimo humo."

"Mtani anasema hatanii!" Akacheka, akanisogeza kwa bega kama unavyomsogeza mtoto kwenye njia ya baiskeli. "Toa hongo upishe, Mnyamwezi."

Iliwaka. Kwa kweli iliwaka, na kwa muda mfupi picha za Igalula zilitembea bila kukwama, midomo na sauti pamoja, sare zile mpya zikimeta, na Yona akanitazama kwa ushindi ambao hata leo ukinijia nauma meno. Kisha nikaamuru video itolewe yote, kazi ile nzito, na feni zikaanza kulia. Nilisikia mlio mdogo, tiki, halafu harufu ikaja kabla ya moshi. Nilichomoa waya ukutani kwa mkono mtupu. Tulipofungua, sanduku la umeme lilikuwa limeungua na diski ilikuwa imekwenda nalo. Tulipeleka diski kwa kila fundi tuliyemjua, na wote walituambia neno moja. Waimbaji wote wa Igalula, shamba lote la karanga, hakikubaki chochote.

Mwalimu wa kwaya alikuja na wazee wawili wa kanisa. Nakumbuka alivyovua kofia mlangoni na kumwamkia Bi Zuwena, "Shikamoo mama," naye akamwitikia marahaba na kuwaletea viti vya dukani. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote kama yalivyokuwa, na kuomba turudie kazi kwa nguvu zetu. Nilifungua mdomo. Yona akawahi. "Mwalimu, tusameheni sana. Ni mtani wangu huyu, Mnyamwezi. Mzigo wa kichwani anauweza, wa umeme umemwelemea!" Alisema akiwa ameshika kichwa, amelegeza magoti kama mtu aliyetwishwa gunia, na wale wazee waliokuja na hasira, Wanyamwezi wenzangu, wakacheka. Hawakutaka, lakini wakacheka, kwa kuwa utani ukishapigwa hasira haina pa kukaa. Nikasema, "Si kweli, mwalimu. Mimi nilimkataza." Mwalimu alinigeukia kwa ile sauti yake ya upole akasema, "Mwanangu, mtani hakasiriki." Na ndivyo nilivyokuwa mtu aliyeunguza kompyuta. Kicheko kilimwokoa Yona siku ile, na mimi ndiye niliyezamishwa nacho.

Alirudi Dar na ile kadi nyekundu, ambayo yenyewe haikuungua. Muuzaji akakubali kumbadilishia, na safari hii Yona alileta kadi yangu, ile ile niliyoandika kwenye kipande cha boksi la sabuni, pamoja na sanduku jipya la umeme na diski. Aliipachika mwenyewe, nikimtazama. Tundu la msumeno likabaki wazi ubavuni, tukaliziba kwa kipande cha kitambaa cha Bi Zuwena. Ikaingia, ikabebeka. "Imekubali!" akapiga kelele, na safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Kwaya walikubali kurekodi upya, kwa heshima ya yule mwalimu, na mimi nilikaa na picha zao wiki baada ya wiki, nikikata na kuunga, nikilainisha kila mshono. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Mwisho niliandika jina langu lipande taratibu, kwa herufi nyeupe.

Niliiona kwa mara ya kwanza ikiuzwa kwenye kibanda cha diski karibu na stesheni. Nilisimama na wapita njia, nikasubiri mwisho kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Majina yakapanda. Picha na uhariri: Yona. Nilidhani nimesoma vibaya, nikamwomba kijana wa kibanda arudishe nyuma. Niliporudi chumbani Yona alikuwa anakula matobolwa yangu. Hakukana. "Wewe fikiri," alisema, tena kwa wema, na wema huo ndio uliniuma zaidi. "Watu wote wanajua Nyamizi ndiye aliyeunguza. Wakiona jina lako wataogopa kazi. Mimi nimekusitiri." Kisha akainua kiganja na kutabasamu. "Hesabu ni hongo."

Yaliyobaki ya mwaka ule niliyasikia kupitia ule ukuta wa mbao. Nilikuwa nikikaa upande wa Bi Zuwena, nikimsaidia kukunja vitambaa, kwa sababu kukaa na Yona chumba kimoja kulikuwa kunanikaba. Watu walianza kumjia na mashine zao kuukuu, kutoka Usinge, kutoka Kaliua, hata mwalimu wa shule mmoja aliyebeba kompyuta yake kwenye gunia. Walikuwa wanataka kadi. Na nilimsikia Yona, kwa sauti ya mtu mwenye subira, akiwauliza: "Gigi achana nazo. Niambie kwanza, inaingia? Umeme wa mashine yako, inabebeka? Na mwisho, inakubali?" Nilimsikia akieleza nusu kimo. Nilimsikia akieleza waya wa pembeni, kwa mifano yangu, hata mahali pa kuvuta pumzi kati ya maneno palikuwa pangu. Siku moja nilishindwa, nikamgeukia Bi Zuwena. Nikamwambia, "Mama, wewe umesikia yote tangu mwanzo. Unajua maneno haya ni ya nani. Waambie." Alikuwa akipima kaniki kwa mkono, akaendelea kupima. "Najua, mwanangu. Wallahi najua. Lakini mambo ya watani hayaamuliwi na mtu wa tatu. Nikisema, nitachekwa mimi." Kisha akanikatia kipande cha haluwa, ya wageni, akanisukumia. Nilikila nikilia, na mpaka leo haluwa sili.

Niliondoka mvua za kwanza zilipoanza. Niliomba kompyuta yangu, Yona akacheka kabla sijamaliza sentensi, na sikumngoja aseme lile neno. Nilikwenda Kaliua, nikapata kazi ya kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na stesheni, pale treni ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Nimechapa barua za watu kwa miaka yote hii. Watu wakiniambia kwamba mtani wangu wa Tabora amekuwa fundi mkubwa, nilikuwa nikisema ndiyo, nilimfahamu.

Kwa hiyo msemaji alipouliza kama watani wapo, na mzee mmoja upande wa wanaume akasema kwa sauti, "Huyo pale mama kutoka Kaliua ni Mnyamwezi!", nilisimama. Mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kumsema marehemu vibaya mbele ya jeneza lake. Nilikwenda mpaka mbele, nikavaa kofia ya Yona iliyokuwa juu ya picha yake, nikashika kipaza sauti. Sikutunga chochote. Nilisema: "Huyu mliyemlaza hapa ni mwizi." Turubai likalipuka kwa kicheko. Nikasema maswali yale ni yangu. Nikasema kadi niliichagua mimi, yeye akaleta dubwana jekundu, akakata kompyuta yangu kwa msumeno wa mageti, akaunguza shamba zima la karanga za Igalula, akasema nimeunguza mimi. Nikasema alifuta jina langu akaandika lake. Sauti yangu ilipasuka mahali fulani hapo, na nadhani nilikuwa nalia, nao wakaona ninavyoigiza vizuri. Wanawake walipigana vibega. Yule kijana mwenye suti alikuwa ameinama akishika tumbo. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo walivyozidi kucheka, na nilipomgeukia Yona ndani ya sanduku na kumwambia, "Rudisha, Mgogo, rudisha vitu vyangu ndipo upite," mjane mwenyewe alikuwa anacheka huku machozi yakimtiririka, akafanya ishara kwa ndugu zake. Wakaniletea jogoo amefungwa miguu, hongo ya mtani, ili niruhusu maiti ipite. "Huyu ndiye mtani," msemaji akatangaza. "Mpigieni makofi." Wakapiga makofi, nikavua kofia, nikaruhusu.

Tulipotoka makaburini, msichana mwenye sare ya msiba alinifuata barabarani. Nilimtambua kabla hajasema, kwa vile alivyokuwa akitembea akirusha mikono, kama baba yake. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi naitwa Nyamizi," akasema. "Baba alinipa jina lako. Alikuwa akisema ni jina la mtani wake aliyekuwa akimchekesha kuliko watu wote."

Nilimtazama. Sikukumbuka hata siku moja niliyojaribu kumchekesha Yona. Msichana aliniambia kwamba amemaliza shule, kwamba amekuwa akimsaidia baba yake Watani Video, na kwamba baada ya matanga ataifungua peke yake, hakuna mwingine. Ana mama, ana wadogo zake. Wateja wanakuja kwa sababu ya jina la baba, alisema, na anaogopa. Kisha akachezea ncha ya kanga yake, na nikaona kwamba katika turubai lile zima kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka.

"Shangazi, yale uliyosema pale mbele. Ile kadi. Na maswali ya baba. Ni kweli?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu siku za ule ukuta wa mbao. Lilikuwa limekuja, likiwa na macho ya Yona na jina langu, na kwake jina la baba yake ndilo chakula cha wadogo zake. Uchungu wote ulinijaa mdomoni, mzito, tayari. Jogoo akajipigapiga kwapani.

"Utani tu, mwanangu," nikasema.

"Nilijua tu," akasema, akashusha pumzi, uso wake ukanyooka. Kisha akasimamisha bodaboda na kunishikia jogoo mpaka nikapanda.